KIDOTI CHAKO NI MSTAAFU, USIMCHOKOZE!

Leo naomba tuongelee kitu kidogo sana ambacho huenda unacho usoni, shingoni, mgongoni au mahali pengine ambapo si kazi yangu kupataja gazetini. Nazungumzia kidoti.

Kina dada wanajua ninachosema. Kidoti juu ya mdomo ni mtaji! Mwanamitindo wa Kimarekani Cindy Crawford alipamba majarida kibao miaka ya 1990 akiwa na chake pale pale, kila mtu akikiona. Wapo ambao hawakujaliwa, basi wanakichora kwa wanja kabla ya kutoka mtoko. Na wapo waliojaliwa lakini hawakitaki, wanakwenda kuchomwa dawa saluni ili kiondoke. Utawasikia: "Shoga, mbona hicho kinakuharibu sura? Kuna dawa moja hapa, siku tatu tu kinadondoka chenyewe."

Ngoja kwanza! Kabla hujachomwa, msikilize huyo unayetaka kumfukuza. Kidoti halisi si doa la rangi tu. Ni kundi la seli ambazo ziliwahi kuanza safari ya kuelekea kwenye kansa, zikasimamishwa njiani na kustaafishwa kwa lazima. Unatembea nazo miaka thelathini, arobaini, wala huna habari. Mwili wako unafanyaje kazi hiyo? Na ni wakati gani mstaafu huyo anarudi kazini kuleta balaa? Hapo ndipo penyewe.

SELI NAZO ZINACHOKA

Zamani wanasayansi waliamini kwamba seli ikilishwa vizuri kwenye chupa ya maabara haifi kamwe. Aliyewaaminisha hivyo ni daktari Mfaransa, Alexis Carrel, aliyekuwa na jina kubwa kule New York. Mwaka 1912 alichukua seli za moyo wa kifaranga akiwa bado ndani ya yai, akaziotesha maabara, na wenzake waliendelea kuzitunza hadi mwaka 1946. Dunia nzima ikapiga makofi. Kijana gani angethubutu kubisha?

Akatokea Mmarekani mmoja, Leonard Hayflick, pale Philadelphia. Yeye na mwenzake Paul Moorhead walikuwa wakiotesha seli za binadamu, wakaona kitu cha ajabu: seli zinagawanyika vizuri, moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, lakini zikifika kama mara 50 hivi zinagoma. Chakula kipo, joto lipo, lakini hazisogei. Hayflick alitaka kuhakikisha kwamba tatizo si uchafu wa maabara. Akachanganya kwenye chupa moja seli za kiume zilizokwisha kugawanyika mara nyingi na seli za kike ambazo bado mbichi. Muda ulipofika, zile za kiume zilikuwa zimekwisha, za kike zinadunda kama kawaida. Kama ingekuwa uchafu, si zingekufa zote? Mwaka 1961 wakachapisha matokeo yao, na hadithi ya Carrel ikaanza kupwaya.

Sasa shika jambo moja. Seli iliyogoma haijafa. Inakula, inatoa uchafu, inaongea na jirani zake, lakini haizai tena. Ndiyo maana mimi naiita mstaafu. Amekabidhi ofisi, ila bado anakaa mtaani na anasalimiana na watu.

Kwa nini mwili uwe na utaratibu wa kustaafisha watu wake? Jibu ni kansa. Kansa ni nini zaidi ya seli iliyokataa kustaafu? Mwaka 1951, kule Baltimore, Marekani, alifariki mama mmoja mweusi aitwaye Henrietta Lacks, mwenye miaka 31, kwa kansa ya shingo ya kizazi. Seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa, zikaoteshwa maabara, na mpaka leo zinaendelea kugawanyika. Mara 50 walishapita zamani sana! Seli ya kawaida ina breki, seli ya kansa imekata breki.

BREKI ZENYEWE NDIZO HIZI

Breki zipo za aina nyingi, lakini mimi nitakutajia tatu. Ya kwanza ni ncha za nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Kila seli inapogawanyika ncha hizo zinapungua, mfano wa kamba ya kiatu iliyopoteza plastiki ya mwishoni, mpaka seli inaona hatari na kusimama. Waliofumbua siri hiyo, Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Mbili nyingine ni protini zenye majina kama namba za magari: p53 na p16. Hawa ni wakaguzi. Wakiona nyuzi za urithi zimekatika, au seli inakimbia kuliko inavyotakiwa, wanaisimamisha. Wakiharibika hao, seli inaweza kufanya inavyotaka. Ndiyo maana p53 imekutwa imeharibika katika karibu nusu ya kansa zote za binadamu.

Turudi kwenye kidoti. Mwaka 2002 watafiti nchini Uingereza waligundua kwamba kansa nyingi za ngozi aina ya melanoma zina jeni moja iliyoharibika, inaitwa BRAF. Jeni hiyo ni kama pedeli ya mafuta iliyokwama chini: seli inaambiwa "twende, twende, twende!" saa zote. Mwaka mmoja baadaye ikaonekana kwamba hata vidoti vya kawaida, visivyo na tatizo lolote, vingi vina jeni hiyo hiyo mbovu. Watu wakashangaa. Kama mafuta yamekwama, mbona gari halijagonga?

Jibu lilitoka Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2005. Watafiti walionyesha kwamba seli za kidoti zilipokimbia kwa muda zilikanyagiwa breki, ile p16 ikiwa miongoni mwake, zikaingia kwenye kustaafu. Ndiyo maana kidoti kinakua kidogo, kinafika ukubwa wa punje ya dengu, kisha kinatulia miaka na miaka. Wataalamu bado wanabishana kama kila seli ya kidoti imestaafu moja kwa moja au nyingine zimesinzia tu. Lakini kwamba zimesimama, hilo halina ubishi.

SUNGUSUNGU WANAITWA

Umeshaona breki. Lakini breki peke yake haitoshi, maana mstaafu mwenye jeni mbovu ni mtu wa kuchungwa. Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia.

Mwaka 2008 mama mmoja mtafiti wa California, Judith Campisi, ambaye alifariki mwaka 2024, alieleza na wenzake kwamba seli iliyostaafu hainyamazi. Inamwaga kemikali nyingi kuizunguka. Baadhi ya kemikali hizo ni kama filimbi ya sungusungu usiku: "Jamani, huku kuna jambo, njooni!" Chembe nyeupe za damu zinasikia, zinakuja, zinamkagua mstaafu na mara nyingi zinamwondoa kabisa.

Hii si nadharia ya kijiweni. Mwaka 2007 kundi la mtafiti Scott Lowe, katika maabara ya Cold Spring Harbor huko Marekani, lilichukua panya wenye kansa ya ini ambao p53 yao ilikuwa imezimwa. Walipoiwasha tena kwa muda mfupi, seli za kansa hazikufa papo hapo. Zilistaafu, zikapiga filimbi, na kinga ya panya ikaja kuufagia uvimbe wote.

Mwaka 2011 wenzao wa Ujerumani wakaongeza lingine. Waliweka jeni ya kuchochea kansa kwenye maini ya panya. Panya wenye kinga nzima, seli mbovu zilistaafu na baadaye zikaondolewa. Panya waliopungukiwa na chembe nyeupe aina ya CD4, wale wastaafu walibaki wamekaa pale pale, na baada ya miezi baadhi wakapata kansa ya ini. Umeelewa maana yake? Kustaafu kunakupa muda tu. Anayemaliza kazi ni sungusungu.

Hizo CD4 umeshazisikia, sivyo? Ndizo ambazo virusi vya Ukimwi vinazishambulia, na ndiyo maana Afrika Mashariki tumeliona somo hili kwa macho bila panya. Kansa iitwayo Kaposi ilikuwepo Uganda na nchi jirani toka zamani, ikiwapata zaidi wanaume wa makamo na wazee, tena kwa mwendo wa polepole. Ukimwi ulipoingia, miaka ya 1980, Kaposi ikageuka moto: ikawashika vijana, ikaenda mbio. Mwaka 1994 ikagundulika kwamba nyuma yake kuna kirusi ambacho watu wengi wanaishi nacho bila kuugua kwa sababu kinga inakidhibiti. Na mgonjwa mwenye Kaposi ya mwanzo akianza dawa za ARV, CD4 zikipanda, mara nyingi madoa yanaanza kunywea. Sungusungu wamerudi kazini!

MWIZI ANAPOVAA SARE

Sasa utaniuliza, kama tuna breki na sungusungu, kwa nini watu wanakufa kwa kansa? Kwa sababu kansa ni janja. Askari wetu wa kinga nao wana swichi ya kuwazima, wasije wakawapiga hata raia wema. Swichi moja inaitwa PD-1, iligunduliwa Japani mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo. Kansa nyingi zimejifunza kuibonyeza swichi hiyo. Ni kama mwizi kavaa sare: askari anafika, anapiga saluti, anageuka kurudi kituoni.

Honjo na Mmarekani James Allison, aliyekuwa akichunguza swichi nyingine, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kufungua njia ya dawa zinazozuia swichi hizo zisibonyezwe. Mmoja wa walioonja matunda yake ni Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani. Mwaka 2015, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba ana melanoma iliyofika kwenye ini na ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, akapewa dawa ya aina hiyo. Mwezi Desemba mwaka huo huo vipimo havikuona kansa tena. Aliishi hadi Desemba 2024, akiwa ametimiza miaka 100! Lakini tusidanganyane: dawa hizo ni ghali sana, na wapo wagonjwa wengi ambao haziwasaidii.

Na wastaafu nao wana ujanja. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walionyesha, kwenye panya, kwamba baadhi ya seli zilizostaafu hubonyeza swichi hiyo hiyo ya PD-1 ili zisiondolewe. Umri unavyosogea zinarundikana, na sungusungu wenyewe nao wanazeeka. Zile kemikali zao, ambazo zikitoka siku mbili tatu ni filimbi, zikitoka miaka mingi zinakuwa sumu: zinaumiza viungo, zinachosha mwili, na zinaweza hata kuichochea kansa ya jirani. Mstaafu aliyesaidia mtaa jana, kesho anaweza kuwa ndiye mchochezi.

Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuuzia vidonge vya "kufagia seli zilizozeeka na kurudisha ujana", mwambie asante, kisha shika pochi yako. Utafiti wa dawa za aina hiyo upo kweli, tena wa heshima, lakini hakuna kidonge kilichothibitishwa kumrudishia binadamu ujana wake. Hela hiyo kale samaki.

KIDOLE CHA BOB MARLEY

Naona kaka zangu mmeanza kupiga miayo mkidhani haya ni ya kina dada. Haya, basi na ninyi yenu hii hapa.

Bob Marley nani asiyemjua? Mwaka 1977 alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, chini ya ukucha. Mpenzi wa soka yule, kila mtu akasema ni mpira. Madaktari walipopima wakakuta ni melanoma. Walishauri kidole kikatwe, yeye hakukubali, wakaishia kumwondolea ukucha na nyama ya chini yake. Aprili 1980 alikuwa Zimbabwe akitumbuiza kwenye sherehe za uhuru. Septemba mwaka huo alianguka akikimbia mazoezi New York, kansa ikiwa imefika kwenye ubongo. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, mjini Miami, akiwa na miaka 36 tu.

Mpira haukumletea kansa, ulimfanya tu asiishtukie. Na hapo pana funzo letu sisi weusi. Melanoma kwetu ni chache kuliko kwa Wazungu, na inapotupata mara nyingi haiko usoni. Inajificha kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, mahali ambapo hatuangalii. Tunadhani ni mwiba, ni kiatu, ni fangasi, na tunafika hospitali tumechelewa.

Kwa ndugu zetu albino hesabu ni tofauti kabisa. Wao hawana rangi ya kuwakinga, jua linaharibu nyuzi za urithi za ngozi yao kila siku mpaka breki zote zinashindwa. Kansa zinazowapata kwa wingi ni za aina nyingine, na nyingi zinazuilika kwa kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Mafuta yaitwayo Kilisun yalianza kutengenezwa kwa ajili yao kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi. Ukiwa na rafiki albino, kumwita muda wa saa sita mchana mkae kwenye jua siyo urafiki.

SASA FANYA HIVI

Chukua kioo jioni ya leo. Kidoti kilichotulia miaka yote, chenye umbo moja na rangi moja, kiache kipumzike. Vile vidogo vingi vinavyoota mashavuni ukubwani navyo ni aina nyingine, havina madhara.

Kimbia hospitali ukiona haya: kidoti kimeanza kubadilika umbo au kinakua haraka. Nusu moja haifanani na nyingine. Kingo zimechongokachongoka. Rangi zimechanganyika, nyeusi, kahawia, nyekundu. Kimezidi upana wa milimita 6, yaani kama kile kifutio cha nyuma ya penseli. Kinawasha, kinatoa damu. Au una doa jipya au kidonda unyayoni kisichopona. Au mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaopanuka na kuanza kupaka hata ngozi ya pembeni. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa weusi wengi, usipagawe. Na usisubiri kidoti tu, kwa sababu melanoma nyingi huanza kwenye ngozi isiyokuwa na kidoti chochote.

Kuhusu ile dawa ya siku tatu: acha! Ikiwa ni kidoti cha kawaida, unajitafutia kovu bure. Ikiwa ni kansa, dawa inakula kile kinachoonekana juu na kuacha mizizi chini, na umeshafuta ushahidi ambao daktari angeupima. Daktari akitoa kidoti chenye mashaka, kinapelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Saluni hawana darubini, wana kioo na redio.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwili wako umeziba nyufa nyingi kimya kimya bila kukuomba hata ahsante, na alama ya mojawapo ndiyo hicho kidoti ambacho shemeji yetu anakisifia kila siku. Mwachie aendelee kukisifia. Ila na wewe uwe unageuza unyayo ukauangalie, maana huko hakuna wa kukusifia.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Ciao!